Buibui wa ukutani anayekugeukia: ni nani, na anatazama nini?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ukutani kwangu, karibu na taa, kuna buibui mdogo mweusi mwenye mlia mweupe mgongoni. Hatandi utando. Nikipita ananigeukia, nikihamia upande wa pili anageuka tena, na siku moja nilipomnyooshea kidole alikirukia. Kuna na mwingine wa kahawia, mnene kidogo, sijui kama ni jamii moja. Mwanangu wa miaka saba amempenda yule mweusi. Alimwekea kioo, buibui akanyanyua miguu ya mbele kama anayetaka ngumi. Mimi naogopa sumu. Na juzi nimeona kifuko cheupe nyuma ya fremu ya picha, yule wa kahawia kajikalia humo hatoki. Niwaue, niwafukuze au niwaache? Na je, wanakula mbu?

JIBU: Dada, nianze na sumu, maana najua usipolipata hilo kwanza haya mengine utayasoma juujuu. Sumu anayo. Karibu buibui wote wanayo, ndiyo silaha yao ya kumlegeza mdudu. Ila ya huyu ni kiasi cha kumtosha nzi, na meno yenyewe ni mafupi. Ili akuume ni mpaka umbane: umlalie, umvae ndani ya nguo, au umfinye kwa vidole. Waliowahi kuumwa husimulia mchomo kama wa nyuki na uvimbe mdogo unaopungua wenyewe. Paosheni kwa maji na sabuni, wekeni kitu cha baridi. Mtu akivimba uso au kubanwa pumzi, hilo ni la hospitali mara moja, sawa na ambavyo ungefanya kwa nyuki. Mengine yote, mwanao hana la kuhofia. Mwenye la kuhofia ni buibui.

Sasa tumjue ni nani. Rangi ulizonitajia na mahali alipojichagulia vinanipeleka kwa Plexippus paykulli. Kwa Kiswahili hana jina lake binafsi, tunamwita tu buibui mrukaji, ambalo ni jina la ukoo mzima. Na ukoo wenyewe ndio mkubwa kuliko koo zote za buibui, una spishi zaidi ya 6,000 zilizokwisha kuelezwa. Huyu wako ni katika wale waliotembea sana: yuko karibu kila sehemu ya dunia yenye joto, kaenea pamoja na watu na mizigo yao, na majengo anayapenda kuliko pori. Kuta, nguzo, fremu za madirisha, na zaidi palipo na taa, kwa sababu taa humletea chakula hadi mlangoni. Ndiyo maana unamwona hata usiku, ingawa warukaji wengi ni wa mchana.

Yule mweusi ni dume na wa kahawia ni jike. Si wewe tu, watu wengi hudhani ni aina mbili. Dume ana mlia mmoja mpana mweupe unaoanzia kichwani na kushuka hadi mwisho wa tumbo, na kingo nyeupe ubavuni. Jike ni mkubwa zaidi, hufika milimita 12 hivi bila kuhesabu miguu. Rangi yake ni ya vumbi, mstari wa mgongoni umefifia na kukatikakatika kuelekea nyuma, na karibu na mwisho wa tumbo ana madoa mawili meupe, moja kila upande. Ukikuta wa kijivu aliyebapa kama kakandamizwa ukutani juani, huyo ni Menemerus bivittatus. Ukikuta dume mweusi mdogo mwenye vipapasi vyeupe usoni, huyo ni Hasarius adansoni. Wote watatu wanaweza kuishi nyumba moja, na tabia zao hazipishani sana.

Jina la huyu wako lina kisa ambacho hunijia kila nikiliandika. Alichorwa na Mfaransa Jules-César Savigny, aliyekwenda Misri na msafara wa Napoleon mwaka 1798 akarudi na shehena ya wanyama wadogo. Savigny alichora kwa ustadi wa ajabu, kisha macho yake yakaugua asiweze tena kuvumilia mwanga, kazi akaiacha njiani. Aliyeandika maelezo ya michoro na kumpa buibui huyu jina, mwaka 1826, ni Victor Audouin. Nakusimulia kwa sababu mnyama mwenyewe habari yake yote ni macho.

Ndipo tunafika kwenye lililokufanya uandike. Mbona anakutazama? Kwa sababu anakutazama kweli, hujajidanganya. Buibui wengi wa utandoni wanaona kwa shida. Dunia yao ni mtikisiko wa uzi. Mrukaji kawekeza kwenye macho. Msogelee taratibu ukiwa na kioo cha kukuzia. Usoni utakuta macho manne yamepangwa mstari mmoja, mawili ya kati makubwa kama taa za gari. Mengine manne yako juu ya kichwa, yakielekea ubavuni na nyuma, na mawili kati ya hayo ni madogo kiasi kwamba huenda usiyaone. Macho ya pembeni hayamwambii kitu kina sura gani, yanamwambia tu kuna kitu kimesogea, na yakijumlishwa yanaona karibu pande zote za mwili wake. Ukipita nyuma ya mgongo wake, hayo ndiyo yanayopiga kengele. Yale mawili makubwa ndiyo ya kukuchunguza. Yanaona mambo madogomadogo vizuri mno kwa mnyama wa ukubwa ule, lakini uwanja wake ni mwembamba, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kwa hiyo kengele ikilia hana budi ageuze mwili mzima mpaka wewe uingie kwenye tundu. Ukihamia upande wa pili umetoka kwenye tundu, na kazi inaanza upya.

Akishakugeukia hakai bure. Lenzi za macho hayo zimeshikana na ganda la uso, hawezi kuzizungusha kama sisi tunavyozungusha mboni. Nyuma ya kila lenzi kuna mrija mrefu unaoingia ndani ya kichwa, na mwisho wa mrija ndipo ilipo retina, yaani sehemu ya jicho inayopokea picha, nayo ni ukanda mwembamba tu. Kila mrija umeshikwa na misuli sita inayouvuta kushoto, kulia, juu, chini, na hata kuupindisha. Hivyo wewe unamwona katulia tuli, kumbe ndani ya kichwa anakupapasa kipande baada ya kipande, kama mtu anayesoma bango gizani kwa tochi yenye mwanga mwembamba. Jicho likiwa jeusi tii, retina imekuelekea. Likigeuka kuwa na wekundu wa kahawia, retina imehamia pembeni na unachokiona ni ukuta wa mrija. Ukishaijua alama hiyo utaweza kusema ni lini hasa anakutazama wewe na ni lini anatazama sikio lako.

Mwaka 2021 watafiti walimjaribu ndugu yake wa ukutani, Menemerus semilimbatus. Walimning'iniza kwa sumaku ndogo juu ya mpira mwepesi, hivyo akitaka kugeuka anauzungusha mpira kwa miguu. Kisha wakamwonyesha vitone vinavyotembea: vingine vikisogea kama viungo vya mnyama aliye hai, vingine ovyo. Wengi tungebashiri atavigeukia vya mnyama. Yeye aligeukia zaidi vya ovyo. Maelezo yao ni kwamba macho ya pembeni yenyewe yalishatambua "hiki ni kiumbe", kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuita macho makubwa. Kisichoeleweka ndicho kilichostahili kukaguliwa. Sasa fikiria mtu anayepita, akasimama ghafla, akarudi nyuma, kisha akanyoosha kidole. Kwa buibui wewe ni kitendawili.

Na kidole alikirukia kwa nini? Si vita. Ncha ya kidole inayosogea ina ukubwa wa kitu anachoweza kukishughulikia, na mara nyingi kwake ni kituo tu cha kukanyaga akielekea pengine. Angekuwa na hofu angekimbilia kwenye ufa au angejiachia kwa uzi mpaka chini.

Kuruka kwenyewe kunahitaji ajue umbali, na hapo pana jambo zuri zaidi ya yote ninayoyajua kumhusu. Sisi hupima umbali kwa kulinganisha picha za macho mawili. Mrukaji anaweza kupima kwa jicho moja. Retina yake ina tabaka nne, moja nyuma ya nyingine. Mwanga wa kijani hutua sawasawa kwenye tabaka la ndani kabisa, na kwenye tabaka linalofuata picha ileile hufika ikiwa na ukungu. Kadiri kitu kilivyo karibu ndivyo ukungu unavyobadilika, na buibui huusoma ukungu huo kama sisi tunavyosoma rula. Watafiti wa Japani walilithibitisha mwaka 2012 kwa Hasarius adansoni. Kwenye mwanga wa kijani aliruka na kumpata nzi barabara. Walipowasha taa nyekundu tupu, akawa anaruka na kuangukia kabla ya kufika, mara kwa mara, kosa lilelile. Hesabu zake zilikuwa sawa, kipimo ndicho kilichomdanganya.

Nguvu ya mruko nayo haitoki mahali ungepadhania. Hana mapaja ya panzi. Buibui hukunja mguu kwa misuli, lakini kuunyoosha kwenye maungio yake makubwa hutegemea msukumo wa damu: hubana sehemu ya mbele ya mwili, umajimaji unasukumwa miguuni, na miguu ya nyuma inafyatuka. Ndiyo maana buibui aliyekufa unamkuta kakunja miguu yote tumboni. Pampu imezima.

Ngoja nikusimulie windo moja nililolishuhudia kwenye fremu ya dirisha, maana ukilijua utalitambua siku litakapotokea mbele yako. Nzi alitua kama shibiri moja kutoka kwa jike. Jike akageuka kwa mkupuo, mara moja tu, akamwelekea. Kisha akaanza kwenda, na kwenda kwenyewe ni kwa paka: nzi akijisafisha mabawa, yeye hatua mbili; nzi akitulia, yeye anaganda na mguu mmoja uko hewani. Aliposogea kama sentimita tatu akajilaza ukutani na kugusisha ncha ya tumbo kwenye ubao. Wengi hawalioni tendo hilo, nalo ndilo la maana: anabandika uzi. Akaruka. Nilichokiona baadaye ni nzi na buibui wakining'inia chini ya fremu kwa uzi mmoja, nzi bado akivuma, meno yakiwa yamemwingia nyuma ya kichwa. Dakika moja, kimya. Akaupanda uzi wake akiwa na mzigo mdomoni, akarudi palepale alipoanzia.

Uzi huo hauachi kamwe. Kila anapotembea huuachia nyuma yake, na kabla ya kuruka huukaza. Hauzuii tu kuanguka. Akiwa hewani huukaba kidogo ili kupunguza kasi na kuuweka mwili sawa, atue kwa miguu na si kwa kichwa. Kuhusu kutembea kwenye kioo na dari, ncha za miguu zina vishungi vya nywele, na kila unywele umegawanyika kuwa vijinywele visivyoonekana kwa macho. Kwa mrukaji mmoja wa Ulaya, Evarcha arcuata, vilihesabiwa zaidi ya laki sita kwa buibui mmoja. Hakuna gundi pale, ni mvutano mdogo wa kila kijinywele ukijumlishwa.

Kwa hiyo utando hana, lakini hariri anayo na anaitumia kila siku. Kwenye ufa au kona ya dari hujishonea kihema chenye milango miwili, hulala humo, hujivua ganda humo. Ukimkuta humo kajikunja hasogei siku mbili tatu, usimfagie ukidhani kafa, huenda anabadilisha ganda. Na kulala kwao kuna maajabu yake. Mwaka 2022 mtafiti Daniela Rößler na wenzake walirekodi watoto wa Evarcha arcuata usiku, wakati ngozi ya kichwa bado inapitisha mwanga, wakaona mirija ya macho ikichezacheza kwa vipindi huku miguu ikishtukashtuka, namna inayofanana na usingizi wetu wa ndoto. Kama wanaota, sijui wanaota nini zaidi ya nzi.

Kioo cha mwanao. Buibui hakujitambua, aliona dume mwenzake kasimama mbele yake anamkodolea. Madume wakikutana hunyanyua miguu ya mbele, huitanua, husogeleana kwa mwendo wa kombo wakijipima ukubwa, na mara nyingi mdogo huondoka bila kuguswa. Tatizo la kioo ni kwamba yule wa ndani haondoki. Kila ukinyanyua naye ananyanyua. Dakika moja ya mchezo haina neno, zaidi ya hapo ni kumchosha.

Mbele ya jike dume hucheza pia, akimkuta nje, na hapo hukaa tayari kukimbia maana jike mwenye njaa haulizi. Lakini ana njia nyingine ya busara zaidi. Akimpata jike ambaye hajapevuka, yuko ndani ya kihema anasubiri kujivua ganda mara ya mwisho, dume hujenga chumba chake ubavuni akakaa jirani siku kadhaa mpaka mwenzake apevuke. Humo ndani macho hayana kazi. Hubisha kwa kuutikisa ukuta wa hariri. Kama uliwahi kuwaona wawili wamelala kwa kupakana, ndiyo hiyo.

Kifuko chako cheupe nyuma ya fremu, basi, ni mayai. Kwa spishi hii huwa 35 hadi 60 hivi, yamefunikwa kwa hariri, na mama yuko juu yake akilinda. Atakaa hapo mpaka watoto waanze kutawanyika, wiki kadhaa. Najua namba hiyo imekushtua. Usiwe na wasiwasi wa kuvamiwa: wakitoka ni vidogo kuliko punje ya mtama, hawakai pamoja, na wengi hawafiki ukubwani. Wanaliwa na mijusi, wanaliwa na buibui wengine, wanalana wao kwa wao. Wale nyigu wajengao vijumba vya tope ukutani nao ni adui wakubwa wa buibui: humchoma buibui akapooza, wakamfungia ndani ya tope akiwa hai, awe chakula cha buu wao. Ukibomoa kijumba cha namna hiyo ukakuta buibui wamesheheni, sasa unajua.

Mbu anakula, ndiyo. Anakula pia nzi, nondo wadogo, watoto wa mende, na hata buibui wenzake wa utandoni. Hachagui, chochote kinachosogea na kisichomzidi sana kimo. Ila nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa: buibui wawili hawatakuondolea mbu nyumbani, chandarua bado ni chandarua. Yupo mrukaji mwingine aliyejipatia sifa kwa mbu, Evarcha culicivora, anayeishi kandokando ya Ziwa Victoria na aliyetangazwa kisayansi mwaka 2003. Huyo humchagua kwa makusudi mbu jike aliyekwisha kunywa damu, na watafiti wa Mbita, Kenya, wameonyesha kwamba huijua damu kwa kuiona na kwa kuinusa. Watu husoma habari zake wakadhani kila mrukaji ndivyo alivyo. Sivyo. Wako si mteuzi kiasi hicho.

La kufanya: ningekuwa wewe ningewaacha wote wawili. Dawa ya kupulizia usiitumie kwa ajili yao, utamuua mlinzi na wale anaowala watarudi wiki ijayo. Kama wasiwasi wako ni kitanda cha mtoto, mfunike dume kwa glasi, penyeza karatasi ngumu kati ya glasi na ukuta, mpeleke nje kwenye ukuta wenye taa. Fanya polepole, ukipitisha karatasi kwa haraka utamkata mguu. Jike mwache nyuma ya fremu mpaka watoto watoke. Ukimhamisha na kifuko chake, huenda akakitelekeza. Watoto wakishatoka, shusha fremu uipanguse.

Na mwanao, badala ya kioo, mpe uzi mweusi wenye fundo dogo mwishoni. Auning'inize ukutani shibiri moja mbele ya buibui, ausogeze kidogo, asimame, ausogeze tena, kama nzi anavyotembea. Asimrudierudie sana, na asisahau kuangalia ile ncha ya tumbo ikigusa ukuta.